Mbwa mwenye kiherehere: umfundishe mwenyewe au umtafutie mkufunzi?

Kama una mbwa ambaye mgeni akipiga hodi tu yeye keshampanda kifuani, ukishika kamba anaanza kuzunguka kama kapagawa, na njiani anakuvuta mpaka bega linauma, basi wazo la kutafuta mkufunzi lazima limeshakupitia kichwani. Ukiuliza watu unapata majibu mawili tu. Mmoja anakwambia kulipa mtu akufundishie mbwa ni kutupa hela, kila kitu kipo mtandaoni, mwingine anakwambia bila trena utamharibu huyo mbwa. Naona wote wanawahi kujibu, hawajamuona mbwa wako, hawaijui ratiba yako, hawajui nyumbani mko wangapi na nani anamchekea akiruka, na hivyo ndio vitu vinavyoamua.

Njia ninazolinganisha hapa ni 4. Kumfundisha mwenyewe nyumbani, kumpeleka darasa la kikundi pamoja na mbwa wengine, kumwita mkufunzi aje kwako, na kumpeleka bweni, yaani anakaa kwa mkufunzi wiki kadhaa alafu unaenda kumchukua. Zote nazipima kwa mambo yale yale: muda unaotakiwa, hela, nani anayaona makosa yako, hatari iliyopo mambo yakikosewa, na kama alichojifunza kitadumu akiwa kwako. Ila kuna jambo linatangulia hayo yote, maana usipoliangalia unaweza kuchagua njia nzuri kabisa kwa shida ambayo siyo yenyewe.

Kwanza hakikisha ni kiherehere kweli

Mbwa aliyezidiwa na furaha mwili wake unakuwa laini, anajinyonganyonga, mkia unatikisika mpaka na kiuno, mdomo uko wazi. Anayeruka na kubweka kwa woga kwa mbali anafanana naye, lakini ukimtazama vizuri mwili umekaza, masikio yamelala nyuma, mkia umeshuka au umeingia katikati ya miguu, anajilamba midomo na hakuna chakula mbele yake, anapiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Huyu wa pili ukimtupa katikati ya mbwa wengine ili "azoee" unamuongezea woga. Na kama anamkazia mtu macho huku ameganda, ananguruma, au ameshauma, hapo tumeshatoka kwenye kiherehere na hii habari ya kuchagua njia ya bei nafuu iachwe, atafutwe mtaalamu wa tabia za mbwa kupitia daktari wa mifugo.

Mwili nao unasema. Mbwa mzima aliyekuwa ametulia miaka yote alafu ghafla hatulii, aanzie kwa daktari. Maumivu, ngozi inayowasha, masikio yenye ugonjwa, vyote vinaweza kumfanya mbwa aonekane mtundu, na hakuna mkufunzi anayeweza kuufundisha muwasho utoke.

Alafu umri. Kuanzia kama miezi 6 mpaka mwaka na nusu hivi mbwa yuko kwenye ujana, na ujana wao ni wa kweli kabisa. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2020 kwenye jarida la Biology Letters, waliwaangalia mbwa wakiwa na miezi 5 na baadae miezi 8, wakaona kwamba kwenye miezi 8 mbwa alikuwa mbishi zaidi kwa mlezi wake akiambiwa "kaa", wakati mtu asiyemjua akimwambia neno hilo hilo ubishi ule haukuwepo. Hili lina maana kubwa kwa anayechagua. Mkufunzi akishika kamba ya mbwa wako kijana na mbwa akakaa hapo hapo, usihitimishe kwamba wewe huna uwezo, na usihitimishe pia kwamba yule mtu ana uchawi fulani, sehemu ya unachokiona ni ujana tu.

Na usingizi usisahaulike. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala sehemu kubwa ya siku, akikosa anakuwa anang'ata miguu ya watu na kukimbia huku na huku jioni, watu wanadhani hajachoka wanamkimbiza zaidi, kumbe kachoka kupita kiasi.

Muda

Ukimfundisha mwenyewe, muda wa kila mara ni mdogo ila hauna likizo. Dakika 3 mpaka 5 mara kadhaa kwa siku zinatosha na ni bora kuliko nusu saa moja ndefu, maana mbwa mwenye mapepe akili yake inaisha mapema. Lakini zaidi ya hizo dakika kuna maisha yenyewe: kila mlango unaofunguliwa, kila bakuli linalowekwa chini, kila mara unapochukua kamba, hayo yote ni mafunzo upende usipende. Mwenye ratiba ya kurudi usiku amechoka atajikuta anaruka siku, na mbwa naye atajifunza kwamba sheria ni ya siku zingine tu.

Darasa la kikundi kwa kawaida ni mara moja kwa wiki kwa wiki kama 6 hivi. Hiyo saa ya darasani ndio sehemu ndogo, kubwa ni mazoezi ya nyumbani kati ya darasa na darasa, ila uzuri wake unajua wiki ijayo mtu atakuuliza mmefikia wapi. Kuna watu hicho tu ndicho wanachokosa.

Mkufunzi wa kuja nyumbani anachukua muda mchache zaidi wa kutafutatafuta. Ndani ya ziara moja au mbili mnakuwa mmeshajua tatizo linaanzia wapi, mazoezi yanabaki kwako. Bweni ndio inaonekana haili muda wako kabisa, wiki 2 mpaka 4 mbwa hayupo, wewe unaendelea na mambo yako. Lakini akirudi zile wiki za mwanzo zinahitaji muda mwingi tu, na asiyeutenga ndiye anayesema baadae kwamba bweni halifanyi kazi.

Hela

Hapa sitakaa sana. Kufundisha mwenyewe ndio rahisi zaidi, unahitaji zawadi ndogondogo anazozipenda, kamba ya kawaida, na kama anavuta sana mkanda wa mwilini wenye kishikizo kifuani, ule unamgeuza akivuta badala ya kumsukuma mbele. Darasa linafuata kwa sababu gharama mnagawana wengi. Mkufunzi wa nyumbani ni ghali kwa saa lakini unaweza kumlipia ziara moja ukafanya kazi mwezi mzima, kwaiyo jumla yake wakati mwingine haipishani sana na darasa. Bweni mara nyingi ndio ghali kuliko zote. Cha kuuliza kabla ya kulipa ni je, bei hiyo ina vikao vya mimi kufundishwa baada ya mbwa kurudi, au inaishia getini siku ya kumchukua?

Nani anayaona makosa yako

Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa na ndio sababu nikisikia mtu anasema "kila kitu kipo mtandaoni" nakubali nusu. Maarifa yapo kweli. Kisichokuwepo ni mtu anayeutazama mkono wako.

Chukua kitu kidogo kama "kaa". Unamwambia mbwa akae, anakaa, wewe unaingiza mkono mfukoni kutafuta kipande, mfuko unakwama, unavuta, sekunde tatu zimepita, mbwa keshanyanyuka anaufuata mkono wako, unampa. Umemlipa kwa kunyanyuka. Rudia hivyo wiki mbili na utakuwa na mbwa anayegusa matako chini na kuruka juu kama kachomwa, na wewe unasema huyu mbwa hashiki. Anashika vizuri sana, ameshika ulichomlipia. Zawadi inatakiwa ifike ndani ya sekunde moja hivi, au utumie neno fupi au kile kidude cha kubonyeza kinachotoa mlio, klika, kumuonesha "hapo hapo ndio penyewe" alafu zawadi ifuate kwa nafasi yako.

Au mlangoni. Mbwa anaruka, unamsukuma kwa mikono miwili, unamwangalia usoni, unapaza sauti "shuka, shuka". Kwako hiyo ni adhabu. Kwake ameguswa, ametazamwa, ameongeleshwa, vitu vitatu alivyovitaka vyote kwa kuruka mara moja. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na waliomfuata walishaonesha zamani kwamba tabia inayolipwa inarudi, na inayolipwa mara moja moja bila mpangilio ndio inakuwa sugu zaidi kuifuta. Kwaiyo nyumba yenye watu wanne, watatu wanageuka kimya mbwa akiruka na mmoja anamkumbatia "jamani mwacheni, amenimiss", huyo mmoja ndiye anayefundisha.

Kuna na kitu kingine kinachowakatisha tamaa wanaofanya wenyewe. Tabia ukiacha kuilipa, kabla haijapungua huwa inapanda kwanza, mbwa aliyekuwa anaruka mara tatu anaruka mara kumi na kubweka juu yake, anajaribu kwa nguvu zote kile kilichokuwa kinafanya kazi. Watu wengi wanaacha siku hiyo hiyo, wanasema mbinu imeshindikana, wakati ndio ilikuwa inaanza kushika.

Sasa zipime njia zetu hapo. Ukiwa peke yako hakuna anayeona, dawa yake ni kuegesha simu ukajirekodi alafu uangalie mkono wako, siyo mbwa, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Darasani mwalimu anakuona ila anagawa macho yake kwa mbwa wote, unaweza kupata dakika chache tu za kurekebishwa, lakini unajifunza pia kwa kutazama wenzako wakikosea. Mkufunzi wa nyumbani hapa ndio anang'aa, anaona mlango wenyewe, anaona watoto wanavyokimbia wakipiga kelele, anaona kwamba unakaza kamba hatua mbili kabla mbwa hajamuona mbwa mwenzake na wewe ndiye unayempa taarifa kuna balaa. Bweni ndio liko kinyume kabisa: mbwa yuko kwenye mkono mzuri usiokosea, na mkono wako haujaangaliwa na mtu.

Hatari mambo yakikosewa

Nchi nyingi kazi ya ukufunzi wa mbwa haina leseni ya lazima, mtu yoyote anaweza kuamka kesho akajiita mkufunzi. Vyeti vipo, mfano CPDT-KA inayotolewa na baraza la CCPDT la Marekani inataka mtu awe na masaa yasiyopungua 300 ya kufundisha na afanye mtihani, lakini si lazima awe nacho ndio afungue biashara. Kwaiyo ukiajiri uliza waziwazi: mbwa akifanya sawa unampa nini, na akikosea unamfanya nini? Jibu liwe la kueleweka. Akianza habari za "nishati" na "kumuonesha nani bosi", au akakuhakikishia mbwa atapona asilimia mia, tafuta mwingine. Mbwa ni kiumbe hai, hakuna anayeweza kuweka dhamana ya namna hiyo akiwa mkweli.

Hili la adhabu nalisemea kwa uzito kwa sababu mbwa mwenye kiherehere ndiye anayevalishwa kola za umeme na za miiba, watu wamechoka na wanataka atulie leo. Anatulia kweli wakati mwingine, kwa sababu ameogopa. Utafiti uliofanyika Ureno kwa mbwa 92 na kuchapishwa 2020 kwenye PLOS ONE ulikuta mbwa waliofundishwa kwa maumivu na vitisho walionesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo, kotisoli, ilikuwa juu zaidi baada ya mafunzo, kuliko wale waliofundishwa kwa zawadi. Mwaka 2021 AVSAB, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia, kilitoa msimamo kwamba mafunzo yote ya mbwa yawe ya zawadi, na Wales kola ya umeme ilipigwa marufuku tangu 2010.

Kwa kila njia hatari inakaa mahali tofauti. Nyumbani peke yako ni kuiga video ya mtu mkali bila kujua. Darasani ni kumzidishia, mbwa mwenye mchecheto mkubwa anaweza kubweka saa nzima asijifunze chochote, mwalimu mzuri atamweka mbali na wenzake au nyuma ya kizuizi mpaka apoe, na kwa watoto wa mbwa kuna suala la magonjwa pia. Mkufunzi wa nyumbani hatari yake ni ndogo kwa sababu upo pale, ukiona anachomfanya mbwa hakikupendezi unasema asante na kamba unachukua. Bweni hujui kinachoendelea ukishaondoka, ndio maana mimi nisingempeleka mbwa mahali wanapokataa nisije bila taarifa au nisione video za mafunzo ya kila siku.

Kitadumu akiwa kwako?

Mbwa hajifunzi neno peke yake, anajifunza neno na mahali na mtu. Anayekaa vizuri jikoni anaweza kukuangalia kama hajawahi kusikia "kaa" mkiwa barabarani. Kwaiyo kilichofundishwa hapo kwako, na wewe, kina mizizi ya kudumu ila kinahitaji kutolewa nje taratibu. Cha darasani kina faida ya kuzoea kelele na mbwa wengine, lakini mlango wa nyumbani haujaguswa, lazima uurudie. Cha mkufunzi wa nyumbani kinakaa hapo hapo penye shida. Cha bweni ndio kinahitaji kuhamishwa chote, kwa mtu mpya na mahali papya, kama gari jipya ambalo hujaoneshwa gia zake. Bweni linalokufundisha na wewe vikao kadhaa linaweza kufaa sana, lisilofanya hivyo mbwa atarudi na adabu za wiki mbili tatu alafu zitaanza kumomonyoka.

Kila njia na mtu wake

Kufundisha mwenyewe inamfaa mwenye subira, aliye nyumbani muda wa kutosha, mbwa wake anaruka kwa raha tu na bado anaweza kukusikiliza kukiwa na utulivu. Darasa linamfaa mwenye mtoto wa mbwa au mbwa anayependa wenzake, na mtu anayehitaji kusukumwa kidogo. Mkufunzi wa nyumbani anamfaa mwenye shida iliyofungwa na mahali, mlangoni, getini, kwenye gari, au nyumba yenye watu wengi wasiokubaliana. Bweni linamfaa asiyeweza kimwili kwa sasa, kwa mfano anayeuguza jeraha na mbwa ni mkubwa, au anayesafiri hata hivyo, kwa masharti niliyoyataja.

Sasa angalia hali yako

Ni mtoto wa mbwa wa wiki 8 mpaka 14 hivi? Usisubiri akue ndio umfundishe, dirisha la kuzoea watu na vitu linaanza kufunga karibu na wiki ya 12 mpaka 14. AVSAB wanasema anaweza kuanza darasa la wadogo akiwa na wiki 7 au 8, akiwa ameshapata angalau chanjo ya kwanza siku 7 kabla na dawa ya minyoo, ongea na daktari wako kuhusu magonjwa ya eneo lenu. Hapa darasa pamoja na mazoezi yako vinatosha kwa wengi.

Ni kijana wa miezi 8 aliyekuwa anasikia na sasa hasikii? Rudi hatua nyuma mwenyewe kwanza, kamba ndefu badala ya kumwachia, zawadi nzuri zaidi, mizunguko ya kunusa kwa raha zake badala ya kukimbizwa tu. Mpe mwezi. Ukiona mnagombana kila siku basi ziara moja ya mkufunzi inaokoa mengi, kwa mbwa na kwa wewe.

Nyumbani kuna watoto wadogo au mzee ambaye mbwa anaweza kumwangusha? Hapo usijaribu miezi miwili ukiona itakuwaje. Weka kizuizi au mfunge kamba wageni wakija kuanzia leo, alafu mwite mtu aje nyumbani, kwa sababu wanaotakiwa kufundishwa ni wote mliomo humo.

Umemchukua mbwa mzima siku si nyingi? Mwache azoee nyumba kwanza kabla ya kumpeleka popote, mengi unayoyaona wiki za mwanzo ni ugeni. Baada ya hapo ndio utajua ana mapepe ya kweli au alikuwa na wasiwasi tu.

Unashindwa kabisa kutofautisha furaha na woga? Lipia ziara moja ya kumtazama tu, hata kama baadae utafanya kila kitu mwenyewe. Na yoyote utakayemwita, mrekodie mbwa siku chache kabla, akiwa mlangoni, akivalishwa kamba, akimuona mbwa mwingine, uandike na saa anazochachawa na saa alizolala, maana mkufunzi akiingia mbwa wengi wanakuwa wageni wazuri nusu saa nzima na utakuwa umelipia kumtazama mbwa aliyetulia.